Soko Lilitangulia, Kura Ikafuata

Nimewahi kufundisha mambo mawili yanayopingana kwa mshahara ule ule, katika darasa lile lile. Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa Siasa katika shule moja ya msingi Kanda ya Ziwa, na watoto niliwaimbisha kwamba ubepari ni unyama. Miaka ya tisini somo likabadilishwa, likaitwa Uraia, tukaletewa muhtasari mpya. Unyama haukutajwa tena, wala hakuna aliyekuja kutueleza ulikwenda wapi. Mahali pake palikuwa na vyama vingi, uchaguzi huru, haki za binadamu na uchumi wa soko, vyote vimepangwa pamoja kana kwamba vilizaliwa tumbo moja.

Wenzangu wengi walipokea muhtasari ule wakaendelea na kazi. Mimi ulinikera, na si kwa sababu nilikuwa mjamaa mkereketwa. Nilikuwa mkulima wa pamba kabla sijawa mwalimu na nikaendelea kuwa mkulima baada ya kuajiriwa, maana mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwenye pamba niliona soko na kura vikikutana uso kwa uso, na havikusalimiana kama ndugu.

Watu wanalikumbuka Azimio la Arusha la 1967 kwa sababu ya mabenki na viwanda vilivyotaifishwa. Sehemu ambayo mimi nilikuwa nairudia darasani ni ile inayozungumzia demokrasia. Inasema wazi kwamba nchi haiwi ya kijamaa kwa sababu tu njia kuu za uchumi ziko mikononi mwa serikali. Ni lazima serikali yenyewe ichaguliwe na kuongozwa na wakulima na wafanyakazi. Ikatoa mfano wa watawala wa Wazungu wachache wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini ya wakati ule: hao wangemiliki uchumi wote wa nchi zao, matokeo yangekuwa kuongezeka kwa ukandamizaji. Ni hoja nzito, na naiona inafaa hata leo. Ilimaanisha kwamba katika fikra za taifa letu demokrasia iliingia ikiwa upande wa ujamaa, na bepari ndiye aliyehesabiwa kuwa adui wa vyote viwili. Huko Magharibi walikuwa wanafundishana kinyume chake, kwamba pasipo mali binafsi hakuna kura huru. Kila upande ulisema kana kwamba unatangaza kanuni ya maumbile.

Baba yangu hakusoma Azimio, lakini alipiga kura mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, na alipenda kuusimulia. Karibu kila jimbo chama chenyewe, TANU, kilisimamisha wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Walizungushwa pamoja, wakahutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili tu, na hawakuruhusiwa kutumia fedha zao kujitangaza. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, ambaye wakulima wa pamba walimjua tangu enzi za kujenga ushirika wao, aliangushwa. Baba alikuwa akicheka kila akifika hapo. Alikuwa hacheki anapofika kwenye kura ya Rais, ambako upande mmoja kulikuwa na picha ya Mwalimu Nyerere na upande wa pili kivuli. "Kivuli hakikuja kuhutubia," alikuwa akisema, basi, anabadilisha mazungumzo.

Mimi mwenyewe nimeishi upande mwingine wa enzi hiyo, na sioni haja ya kuupaka rangi. Baada ya Vita vya Kagera vitu viliadimika. Sabuni, sukari, khanga, hata chumvi, vilipatikana duka la ushirika kwa zamu, na zamu ilikuwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama kwa kila kaya kumi. Balozi wetu alikuwa mzee mstaarabu, hakuwa mwizi. Daftari lake lilikuwa la kurasa za mistari, jalada limefungwa kwa uzi wa gunia, na kalamu aliichomeka sikioni. Wiki ya sukari tulikuwa tunakwenda kwake kumsalimia mapema kuliko wiki nyingine.

Jirani yangu mmoja, mtu wa maneno, alisimama kwenye mkutano wa tawi akauliza michango ya zahanati imefikia wapi. Mwezi ule jina lake likarukwa. Alipokwenda kuuliza, balozi akapekua daftari, akatikisa kichwa, akasema imetokea bahati mbaya. Inawezekana ilikuwa bahati mbaya kweli. Ila kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena habari za zahanati, na hakuna aliyekuja kutukataza kuuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa na uchaguzi, tulikuwa na mikutano, tulikuwa na haki ya kusema, na aliyetugawia sukari ndiye aliyekuwa anaongoza mkutano.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Ikulu Mzee Mwinyi, watu wakamwita Mzee Ruksa, na 1986 nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mitumba ikaja, sabuni ikaja, na kituo cha basi kikaota maduka. Siku moja, kwenye mkutano wa tawi, yule jirani akasimama tena. Balozi akamwambia akae. Naye akajibu, bila hasira, "Mzee, sukari siku hizi nanunua dukani." Ukumbi ukaangua kicheko, na balozi mwenyewe akacheka. Jirani akauliza swali lake mpaka mwisho, na safari hii alijibiwa.

Kwa hiyo wanaosema soko halijaleta chochote kwenye siasa zetu mimi nao hatuko pamoja. Vyama vingi vilikuwa bado havijaruhusiwa, na uhuru wa kuuliza swali ulikuwa umeshaingia kijijini kwa mlango wa duka. Hata hivyo wanaosema soko na demokrasia ni kitu kimoja nao nina neno nao, na neno lenyewe ni refu kidogo.

Tazameni jinsi mambo yalivyofuatana. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi ya Arusha: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kuwa na mishahara zaidi ya mmoja, kupangisha nyumba. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuruhusu benki binafsi. Na mwaka huo huo Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchi nzima ikiwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema kibaki kimoja. Tume ikapendekeza vingi hata hivyo, Mwalimu Nyerere akaunga mkono, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaanza kufanya kazi. Uamuzi huo nilikubaliana nao wakati ule na nakubaliana nao sasa. Wachache wanaotaka chama chao wana haki ya kukianzisha, hawahitaji ruhusa ya walio wengi.

Kinachonishangaza ni kwamba juu ya vyama tuliulizwa, tena tukapingwa kwa heshima, na juu ya uchumi hakuna tume iliyopita. Viwanda vyetu viuzwe au visiuzwe? Ushirika ubaki mnunuzi pekee wa pamba au wafanyabiashara waingie? Kiongozi wa umma awe na kampuni? Maswali hayo hayakuletwa kwenye mkutano wa hadhara wala kwenye karatasi ya kura. Ujamaa wenyewe, kusema kweli, haukuletwa kwenye kura ya wananchi mwaka 1967. Uliamuliwa na Halmashauri Kuu ya chama. Hivyo mara mbili katika umri wangu uchumi wa nchi umepinduliwa, mara ya kwanza kwa maandamano ya kuunga mkono, mara ya pili kimya kimya, na mara zote mbili kura ilikuja nyuma.

Oktoba 1995 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura, kama walimu wengi. Wagombea urais walikuwa wanne: Mkapa wa CCM, Mrema wa NCCR-Mageuzi, Lipumba wa CUF na Cheyo wa UDP, huyu wa mwisho mtu wa kwetu Usukumani aliyeahidi mapesa mpaka likawa jina lake. Walishindana kwelikweli. Mrema alijaza viwanja kwa habari ya rushwa. Lakini mkulima aliyetaka kumpa kura mtu atakayerudisha viwanda mikononi mwa umma, katika wale wanne asingemwona. Swali hilo lilikuwa limeshafungwa kabla karatasi hazijachapwa.

Usiku wa kuhesabu tuliwasha karabai, tukamwaga kura juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Wakala wa chama tawala alikuwa ameletewa chakula na gari, na kalamu mpya. Wakala wa upinzani, kijana wa kijiji cha pili, alikuja kwa baiskeli yake tangu alfajiri. Mfukoni alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye gazeti na tochi isiyo na betri nzuri. Ilipofika usiku wa manane nikaona anasinzia. Nikamwambia, "Mwanangu, amka, kura zako hizo." Akaamka, akanawa uso kwa maji ya kunywa, akahesabu hadi mwisho, akasaini. Nakumbuka niliwaza kwamba sheria imewaweka hawa wawili sawasawa kabisa, kiti kwa kiti, ila mmoja ana shibe. Vituo jirani vilikosa wakala wa upinzani kabisa. Hawakufukuzwa na mtu. Chama chao hakikuwa na nauli.

Tangu hapo fedha ziliendelea kujisogeza mbele. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa ili mgombea anayetoa kitu kwa nia njema, kama ukarimu wa Kiafrika, asihesabiwe kuwa ametoa hongo. Takrima. Sijui ni Mwafrika gani anayemkirimu mgeni mara moja kila baada ya miaka mitano. Wanaharakati wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo, pamoja na mambo mengine kwa sababu vilimbagua mgombea asiye na kitu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Nilikuwa nawapa wanafunzi wangu kesi hiyo waijadili. Mmoja aliuliza kama wale wa jembe na nyumba, walioshindana bila hela zao, walikuwa na demokrasia kutuzidi. Nikamwambia atoke akanywe maji kwanza, nipate muda wa kufikiri. Darasa likacheka. Jibu nililompa ni kwamba wale hawakununua kura na hawakuwa na kivuli kinachohutubia, achague mwenyewe lipi lilikuwa na gharama kubwa zaidi.

Sasa pamba. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao. Msimu wa kwanza tuliimba. Ushirika ulikuwa umetuzoesha kupewa stakabadhi na kusubiri malipo hadi mvua nyingine. Hawa walilipa taslimu, papo hapo, pamba safi na pamba fifi, ile ya daraja la pili. Mwanamke aliyelima shamba lake alibeba mzigo wake mwenyewe akarudi na hela yake mkononi, jambo ambalo chini ya ushirika lilikuwa gumu, maana mwanachama mwenye kadi alikuwa mume hata kama hajawahi kushika jembe. Hilo nalo ni la kuhesabu upande wa soko.

Kisha wanunuzi wakapungua, katika kata yetu akabaki mmoja mkubwa. Alikuwa na hisa kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa na malori, na alianza kukopesha mbegu na dawa kabla ya msimu, akakata kwenye mauzo. Mizani yake ilikuwa na ugonjwa wake, lakini mbegu zake zilifika kwa wakati, na dawa haikuchakachuliwa. Mwaka wa uchaguzi akagombea udiwani. Hakugawa khanga wala chumvi. Hakuwa na haja. Alikuwa na daftari.

Nilipoliona kwa mara ya kwanza juu ya meza ya ghala lake nilisisimka. Kurasa za mistari, majina ya kaya upande wa kushoto, mifuko ya mbegu na chupa za dawa upande wa kulia. Nilirudi nyumbani nikawaambia akina mama waliokuwa wakipalilia shamba la jirani kwamba kura ni siri, wampe wanayemtaka. Mmoja wao akainua jembe, akanitazama.

"Mwalimu, kura ni siri, sawa. Lakini kituo chetu kina watu wangapi? Matokeo wanabandika ukutani. Akikosa kura hapa si atajua ni sisi?"

"Sasa atawafanya nini?"

"Hatatufanya kitu. Mbegu zitachelewa tu."

Nilinyamaza, kwa sababu neno lake lilikuwa na mantiki kuliko sura nzima ya kitabu changu cha Uraia. Alishinda udiwani kihalali kabisa. Hakuna kura iliyoibwa, mawakala walikuwepo, fomu zilisainiwa. Kwa muda wake wote kwenye baraza la halmashauri, hoja ya kukagua mizani ya wanunuzi haikufika mezani.

Hapo ndipo mjadala wa ubepari na demokrasia uliponikalia sawa kichwani, na sijaona vitabu vingi vinavyouanzia hapo. Tunauliza nchi ifuate mfumo gani, tunapanga kambi mbili, tunarushiana majina. Mwanakijiji anauliza jambo jingine: anayeomba kura yangu ndiye huyo huyo anayeshika riziki yangu? Enzi ya foleni jibu lilikuwa ndiyo, na aliyeishika alikuwa chama. Enzi ya maduka mengi jibu lilikuwa siyo, na jirani yangu akauliza swali lake. Enzi ya mnunuzi mmoja jibu likarudi kuwa ndiyo. Soko lenye wanunuzi wengi lilitusaidia kuwa raia, na soko lililomezwa na mtu mmoja likatukalisha chini tena. Katiba yetu haijasaidia kulitatua: ibara ya 3 bado inasema Tanzania ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Wanafunzi walikuwa wanaisoma, halafu wanatazama nje dirishani, kwenye minara ya simu ya makampuni na malori ya pamba.

Msimu wa 2018 serikali ilipoagiza pamba inunuliwe kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya kuuza mazao, chama chetu cha msingi, kilichokuwa kimebaki ghala na deni, kikapata uhai. Ukaitishwa mkutano mkuu, nikachaguliwa kuandika kumbukumbu kwa sababu ya mwandiko wangu. Ushirika una kanuni ambayo sijaiona kwenye kampuni yoyote: mwenye ekari thelathini na mwenye nusu ekari, kila mmoja kura moja. Lakini nilipotazama meza kuu, wajumbe wawili wa bodi walikuwa mawakala wa wanunuzi, wanaolipwa kamisheni kwa kila kilo.

Kijana mmoja niliyemfundisha akanyoosha mkono. "Shikamooni wazee. Naomba kueleweshwa. Mtu analipwa na mnunuzi, halafu anakaa kwenye bodi inayoshughulika na huyo mnunuzi. Siku hiyo anamwakilisha nani?"

Palichafuka. Mjumbe mmoja akasema yeye ni mkulima kama wengine na wivu hauleti maendeleo. Mzee mmoja, aliyekuwa katibu wa tawi la TANU ujanani, akasimama kwa fimbo yake akataja masharti ya uongozi ya Arusha kwa moyo, moja baada ya jingine, hisa, ukurugenzi, mishahara miwili, nyumba za kupangisha. Vijana wakapiga makofi bila kujua anatoa wapi. Afisa ushirika akatukumbusha kwamba kubadili masharti ya chama kunahitaji kura ya mkutano na kibali cha Mrajis, msajili wa vyama vya ushirika. Tukajadili hadi jua likaelekea kuzama, wengine wakaondoka kwenda kufungia mifugo, wakarudi.

Tulipiga kura kwamba wakala wa mnunuzi, au mtu anayewadai wanachama mbegu na dawa, asigombee bodi. Ikapita kwa wingi mkubwa. Masharti yakapelekwa, yakachukua muda wao, yakarudi yamekubaliwa. Wale wajumbe wawili waliipinga hadi mwisho. Mmoja amejitoa, anauza pamba yake kwa njia zake. Mwingine ameacha uwakala, amebaki mwanachama wa kawaida, na kila mkutano wa mahesabu anatubana kwenye makato ya usafirishaji mpaka mhasibu anatoa jasho.